RLE imefanya faili kuwa kubwa badala ya dogo: tafuta tatizo liko wapi

Umeandika programu ya kubana data kwa RLE (run-length encoding), umeijaribu na AAAAABBBB ikatoka safi kabisa, afu umeipa faili la kweli na faili limerudi kubwa kuliko lilivyoingia. Wengi wakifika hapo wanasema RLE haifai wanaachana nayo, wakati mara nyingi shida iko kwenye namna programu inavyoshughulika na ile data ambayo haijirudii. Kubana kinachojirudia ni rahisi, mistari michache tu ya kodi umemaliza, ila kile kisichojirudia ndo kinaamua kama RLE yako itafaa kwa kazi au itabaki kuwa zoezi la darasani.

Kukumbushana tu: RLE inaangalia baiti zinazofuatana, ikikuta zinafanana inaandika idadi na ile baiti mara moja. A kumi zinakuwa 10 na A, baiti kumi zimekuwa mbili. Humu nitaita baiti zinazofanana zilizofuatana mfululizo, na zile zisizofanana nitaziita kipande ghafi.

Kabla hujagusa chochote pima data yako kwanza. Watu wanakesha wanabadilisha enkoda (ile sehemu inayobana, inayofungua ni dikoda) kumbe data yenyewe haina mfululizo hata mmoja wa maana. Kipimo chenyewe kifupi sana, kwa Python kinatosha hivi:

def pima(data):
    makundi = 1
    for a, b in zip(data, data[1:]):
        if a != b:
            makundi += 1
    return len(data) / makundi

Inakupa wastani wa urefu wa mfululizo. Ipe faili lako likiwa limefunguliwa kama baiti, uone namba. Ikitoka 1.004 hivi huenda hiyo ni data ya bahati nasibu, maana baiti zikipangwa ovyo kabisa wastani ni 256 gawanya kwa 255, na ikiwa ni hivyo hamna cha kubana hapo. Ikitoka chini ya 2 na enkoda yako ni ile ya kuandika idadi na baiti kila mara, faili LAZIMA liwe kubwa, sio bagi, ni hesabu tu, manake kila kundi linakugharimu baiti mbili na lenyewe kwa wastani halifiki baiti mbili. Ikitoka 5 au 10 na bado faili linakua basi hapo ndo utafute kosa kwenye programu.

Haya sasa twende kwa dalili.

Faili limekuwa mara mbili kamili, au karibu na mara mbili

Hii ndo ya kawaida kuliko zote na chanzo chake ni kimoja: enkoda yako haina njia ya kusema "hizi zinazofuata zichukue kama zilivyo". Kila baiti inapewa idadi hata ikiwa peke yake. ABCDEF inatoka 1A1B1C1D1E1F, baiti 6 zimekuwa 12.

Dawa yake inajulikana tangu zamani, na nzuri ya kujifunzia ni PackBits ya Apple, ilikuja na Macintosh na MacPaint mwaka 1984 na mpaka leo iko ndani ya fomati ya picha ya TIFF (huko inatambulika kwa namba 32773) na ndani ya mafaili ya Photoshop. Wazo lake ni kwamba ile baiti ya mbele, heda, inasomwa kama namba yenye alama ya jumlisha au kutoa. Ikiwa kati ya 0 na 127, maana yake ni kipande ghafi, chukua baiti n + 1 zinazofuata uzinakili kama zilivyo. Ikiwa kati ya -1 na -127 maana yake ni mfululizo, chukua baiti moja inayofuata uirudie mara 1 - n. Na -128 haina kazi, ukikutana nayo unairuka unaendelea.

Angalia tofauti kwa mfano huu, baiti 15:

AAAAAABCDDEFFFF

Enkoda ya kawaida inatoa makundi sita (A6, B1, C1, D2, E1, F4), baiti 12. PackBits inatoa -5 A, halafu 4 BCDDE, halafu -3 F, jumla baiti 10. Sa hapo unaweza kusema baiti mbili tu ndo nini, ila faida yake kubwa haiko kwenye data nzuri, iko kwenye data mbaya. Baiti 128 ambazo hazijirudii kabisa enkoda ya kawaida inazifanya 256, PackBits inazifanya 129. Yaani hasara yako kubwa kabisa ni baiti moja kwa kila 128, haifiki asilimia moja. Faili la megabaiti 1 lililojaa takataka tupu linaongezeka kilobaiti 8 basi. Huwezi kuizuia data mbaya isikuje, ila unaweza kuamua itakuumiza kiasi gani, na kwa maoni yangu enkoda yoyote ya RLE isiyo na njia ya kipande ghafi isitumike kwa kitu chochote ambacho hujakiona mwenyewe kabla.

Nimeshaweka kipande ghafi lakini bado faili linaongezeka, tena sana

Hapa angalia unavyoshughulika na baiti mbili mbili zinazofanana. Wengi wanaandika sharti la "ikifanana na inayofuata anza mfululizo" na hapo ndo kosa linapoingia. Kwenye ule mfano wa juu, ukikata kipande ghafi ili DD iwe mfululizo wake unapata: -5 A, 1 BC, -1 D, 0 E, -3 F, ambayo ni baiti 11 badala ya 10. Umekata ili ubane afu umelipa zaidi, kwa sababu mfululizo wa mbili unagharimu baiti mbili (hujaokoa kitu) na baada yake ukirudi kwenye ghafi unalipia heda mpya.

Sasa fikiria data yote iko hivyo, moja pekee afu mbili zinazofanana, moja pekee afu mbili zinazofanana, X YY X YY mpaka mwisho. Kila baiti 3 zinatoka 4. Faili limekua kwa theluthi nzima na enkoda yako una uhakika ni PackBits sahihi, dikoda inaifungua vizuri tu, hamna error yoyote. Ndo maana kosa hili linakaa miezi bila kugundulika.

Kanuni ni hii, na TIFF 6.0 ya 1992 inasema hivyo hivyo: tatu au zaidi zifanye mfululizo kila wakati, mbili zifanye mfululizo isipokuwa zikiwa zimebanwa katikati ya ghafi mbili, hapo ziache ndani uunganishe vyote vitatu kiwe kipande ghafi kimoja.

Kitu kingine kwenye TIFF ni kwamba kila mstari wa picha unabanwa peke yake, hairuhusiwi mfululizo kuvuka kwenda mstari unaofuata. Picha pana haisikii maumivu, ila picha nyembamba ya baiti 10 kwa mstari, kama haijirudii, kila mstari unatoka 11 na hiyo ni asilimia kumi hapo hapo. Ukiona PackBits inazidisha kuliko ile hesabu ya baiti moja kwa 128 angalia upana wa picha kabla hujalaumu enkoda.

Faili limeongezeka robo hivi

Robo ni namba inayosema kitu. Kama unafanya kazi na PCX, ile fomati ya zamani ya ZSoft ya PC Paintbrush, hiyo ndo sura yake kwenye data isiyojirudia. PCX haina heda ya kipande ghafi, inatumia ujanja mwingine: baiti ikiwa chini ya 192 na iko peke yake inaandikwa ilivyo, hailipi kitu. Baiti ikiwa na biti mbili za juu zimewaka, yaani 192 kwenda juu, dikoda inaisoma kama idadi, na biti sita zilizobaki zinasema ni mara ngapi, mwisho 63. Sa je, baiti yako halisi ikiwa ni 200 na iko peke yake? Lazima uiandike kwa baiti mbili, idadi 1 halafu 200 yenyewe. Thamani 64 kati ya 256 ziko kwenye hali hiyo, ambayo ni robo, kwa hiyo data ya ovyo ovyo inaongezeka asilimia 25. Na picha yenye thamani za juu tupu, angavu angavu zenye kelele, inaweza kukaribia mara mbili.

Kama ni picha ya paleti (kila pikseli ni namba ya rangi kwenye orodha) hapa kuna njia nzuri sana ambayo watu wanaisahau: namba za paleti hazina maana yoyote zenyewe, wewe ndo unazipanga. Hesabu rangi: zinazokaa peke yake mara nyingi zipe namba chini ya 192, zile za nadra au zile zinazokuja kwa mifululizo mirefu zipeleke juu. Picha haibadiliki hata kidogo, faili linapungua.

Robo hiyo hiyo utaiona pia kwenye hatua ya kwanza ya bzip2, programu ya kubana ya Julian Seward. Pale baiti nne zikifanana ndo idadi ya zilizobaki inafuata, kwa hiyo AAAA kamili, bila ya tano, inatoka A nne na sifuri, nne zimekuwa tano. Kwenye bzip2 haisumbui kwa sababu hatua zinazokuja mbele zinafidia, ila ukiuchukua mtindo huo ukautumia peke yake ujue bei yake ni hiyo.

Picha ni ya rangi moja kwa macho lakini haibanwi

Hii inawachanganya watu sana, na ina haki ya kuchanganya, manake unaona kabisa anga lote la bluu halafu kile kipimo cha juu kinakuambia wastani ni 1.0 na kitu.

Kwanza angalia baiti zimepangwaje. Picha ya RGB ya biti 24 inaandika nyekundu, kijani, bluu, nyekundu, kijani, bluu. Bluu moja iliyotulia, tuseme 30 90 200, inakaa kwenye faili kama 30 90 200 30 90 200 30 90 200, na hapo RLE ya baiti kwa baiti haioni mbili zinazofanana hata mara moja japo pikseli zote ni ileile. Data inajirudia, wewe ndo unaangalia kwa kipimo kisicho chake. Kuna njia mbili. Moja ni ya TGA, fomati ya picha ya Truevision, inahesabu kwa pikseli nzima: biti ya juu ya heda ikiwaka, pikseli moja inayofuata inarudiwa, ikizimwa zinafuata pikseli ghafi, na biti saba zilizobaki ni idadi toa moja. Ya pili ni kutenganisha, nyekundu zote kwanza afu kijani zote afu bluu zote, kama Photoshop inavyofanya, hapo hata PackBits ya kawaida inafurahi. Mi napenda ya pili kwa picha zenye vivuli kwa sababu mara nyingi chaneli moja inatulia hata kama nyingine zinabadilika, na ukihesabu pikseli nzima ukibadilika mmoja tu kati ya watatu umepoteza wote.

Habari ni hiyo hiyo kwa sampuli za biti 16, sauti au vipimo vya sensa. Baiti ya juu inatulia, ya chini inacheza, zikikaa zimechanganyika hamna kinachojirudia. Tenganisha baiti za juu zote weka upande mmoja, za chini upande mwingine. HDF5, fomati ya kuhifadhi data za kisayansi, ina chujio la kazi hiyo hiyo linaitwa shuffle, na halibani kitu lenyewe, linapanga tu.

Kama mpangilio uko sawa na bado haibanwi, basi hiyo rangi moja si moja. Karatasi nyeupe iliyoskaniwa ina 254, 255, 253, 255, 254, jicho halioni ila RLE inaona kila kitu. Picha iliyowahi kuwa JPEG ina vumbi kuzunguka kila herufi. Maandishi yenye kingo zilizolainishwa yana rangi za katikati kila ukingo. Hapa lazima uamue: kama ni hati ya maandishi pitisha kizingiti, kila kilicho juu ya thamani fulani kiwe nyeupe kamili, punguza rangi, halafu bana. Kama ni picha ya mtu au mandhari na unaihitaji kama ilivyo, RLE siyo ya kwako, nenda PNG au kitu kama hicho.

Na jihadhari na dithering, ile ya kutengeneza kijivu kwa vidoti vyeusi na vyeupe. Kwenye faksi za Group 3 (kiwango cha faksi) unaona madhara yake wazi. Faksi inahesabu mfululizo wa nyeupe, kisha nyeusi, kisha nyeupe, na kila urefu una msimbo wake. Nyeupe moja pekee ina biti 6 (000111) na nyeusi moja ina biti 3 (010). Sehemu yenye vidoti vya kupishana moja moja, pikseli mbili ambazo ni biti mbili tu zinatumwa kwa biti 9, mara nne na nusu zaidi ya data yenyewe. Ndo maana ukurasa wa maandishi ulikuwa unapita upesi na ukurasa wenye picha ya gazeti unakwama kwenye mashine wee mpaka mtu anadhani simu imekatika.

Programu inakufa, au inaandika juu ya kumbukumbu nyingine

Tena inakufa kwa mafaili fulani tu, mengine yanapita. Angalia bafa ya kutolea umeipa ukubwa gani. Ukiitengeneza sawa na data inayoingia kwa kuamini kwamba "kubana kunapunguza", siku ikija data isiyojirudia inamwagika nje. Kwa enkoda ya idadi na baiti tenga mara mbili ya data. Kwa PackBits tenga n jumlisha n gawanya 128 ukikuza juu, na kama unabana mstari kwa mstari fanya hesabu hiyo kwa kila mstari.

Na dikoda nayo ina upande wake wa hatari. Baiti mbili za PackBits zinaweza kuzaa 128, kwa hiyo faili lililoharibika au lililotengenezwa na mtu mwenye nia mbaya linaweza kuijaza bafa yako kupita kiasi. Kabla ya kunakili au kurudia angalia vitu viwili: nafasi iliyobaki ya kuandikia inatosha, na kwenye kipande ghafi, baiti ulizoahidiwa zipo kweli kwenye faili. Hili usiliache hata kama programu ni ya kwako mwenyewe.

Inabana vizuri ila ukifungua haitoki ilivyokuwa

Hapa vyanzo ni vingi, nitapita kwenye vile vinavyojitokeza zaidi.

Inafanya kazi kwenye laptop, kwenye Raspberry Pi inatoa uchafu. Kama umeandika kwa C, heda umeisoma kwa aina ya char. Kwenye x86 char ina alama ya kutoa, kwenye Linux ya ARM kwa kawaida haina, kwa hiyo -5 yako inasomwa 251 na dikoda inadhani ni kipande ghafi kirefu. Tumia int8_t umalize mjadala.

Baiti moja moja zinapotea au kuongezeka na kila kitu kinasogea. Hizo ni zile n + 1 na 1 - n, upande mmoja umeongeza moja mwingine umesahau. Jaribu kwa urefu wa 1, 2, 3, 127, 128, 129 na 130, ukipita zote hizo uko salama, na usijaribu kwa faili kubwa kwanza kwa sababu hutajua liliharibikia wapi.

Mwisho wa faili unakosekana. Enkoda inaandika kipande ghafi pale mfululizo unapoanza, na data ikiisha ikiwa bado ndani ya kipande ghafi hakuna kilichoiambia iandike. Ongeza hatua ya kumwaga kilichobaki baada ya kitanzi. Data yenye kujirudia haionyeshi kosa hili, data isiyojirudia inalionyesha mara moja, kwa hiyo iweke kwenye majaribio yako.

Umetumia baiti ya alama na data nayo inayo. Yaani umechagua tuseme 255 kumaanisha "hapa kuna mfululizo", halafu ndani ya data kuna 255 halali. Kila 255 ya kweli lazima iandikwe kama mfululizo hata ikiwa moja, ambayo ni baiti tatu badala ya moja. Pitia data kwanza, tafuta baiti ambayo haipo au iliyo nadra zaidi, itumie hiyo kama alama na uiandike mwanzoni mwa faili ili dikoda ijue. Wanaoandika idadi kwa tarakimu za kawaida wana ugonjwa unaofanana: 3A inasomeka, ila data ikiwa na tarakimu ndani yake, 1 tatu zikawa "31", ikifuatwa na 4 mbili unapata "3124" na hakuna anayejua ni tatu za 1 na mbili za 4 au ni 312 za 4.

BMP ya RLE8 inasogea katikati. Kule baiti 00 ikifuatwa na namba 3 mpaka 255 inafungua kipande ghafi chenye urefu huo, na kikiwa na idadi isiyogawanyika kwa mbili lazima uongeze baiti moja tupu mwishoni. Watu wanaisahau hiyo tupu. Pia 00 ikifuatwa na 0, 1 au 2 ina maana nyingine kabisa (mwisho wa mstari, mwisho wa picha, kuruka mahali), kwa hiyo kipande ghafi cha baiti moja au mbili hakiwezekani, kiandike kama mifululizo ya moja moja.

Picha ya PCX imelala upande. Upana ni namba witiri na wewe umesoma mstari kwa upana wa picha badala ya ile namba ya baiti kwa mstari iliyo kwenye heda, ambayo siku zote ni shufwa.

Na kwenye Windows, kama faili ulilifungua kwa hali ya maandishi badala ya baiti, kila 10 inakuwa 13 na 10. Kwenye heda za PackBits 10 ni namba halali kabisa, ndo inayosema "nakili 11", kwa hiyo uharibifu unaanza mapema.

Namba zinapanda kwa mpangilio lakini RLE haioni kitu

1000, 1005, 1010, 1015. Hakuna mbili zinazofanana, wastani ni 1 kamili, ila mtu yeyote anaona mpangilio. Hifadhi tofauti badala ya thamani: 1000, 5, 5, 5, sasa una mfululizo. Njia hii ya kutoa thamani iliyotangulia inafaa kwa saa za kumbukumbu, usomaji wa mita, namba za risiti, chochote kinachoenda kwa hatua. PNG inafanya kitu cha jamii hiyo kwa vichujio vyake kabla ya kubana.

Kwa majedwali makubwa, angalia kama unaweza kupanga safu kwanza. Safu ya mkoa kwenye orodha ya wateja iliyochanganyika ni Mwanza, Dodoma, Tanga, Mwanza, Mbeya, hamna kitu. Ipange kwa mkoa na unabaki na mifululizo michache mirefu. Parquet, fomati ya kuhifadhi majedwali safu kwa safu, inaishi kwa hili, na yenyewe imelitatua suala la kisichojirudia kwa namna nzuri: biti ya chini kabisa ya heda inasema kama kinachofuata ni mfululizo au ni thamani zilizopakiwa kwa biti, nane nane kwa kundi. Kwa hiyo hata sehemu isiyojirudia haikai ghafi kabisa, inabanwa kwa kutumia biti chache kwa kila thamani.

Kupanga upya kunaweza kwenda mbali zaidi. Burrows na Wheeler mwaka 1994 walitoa njia ya kupanga herufi upya ili zinazofanana zikae jirani, na bado ukaweza kurudisha zilivyokuwa. Chukua BARABARA weka $ ya mwisho, neno ambalo halina herufi mbili jirani zinazofanana hata sehemu moja. Baada ya kupangwa linakuwa ARRBBA$AA. R mbili zimekaa pamoja, B mbili, A mbili, na yote yanarudishika. Kwa neno moja haina faida, kwa bloku ya kilobaiti 900 ndo bzip2 yenyewe hiyo.

Nimefanya yote na bado hakibanwi

Basi uliza hicho kitu ni nini. Kama ni zip, JPEG, MP3, video, au faili lililofungwa kwa nywila, limeshakamuliwa au limefichwa, na data ya namna hiyo inafanana na bahati nasibu. Kama ni maandishi ya Kiswahili ya kawaida nayo usitegemee, silabi zetu zinapishanisha konsonanti na irabu, unapata aa ya saa na ee ya mzee hapa na pale, mbili mbili tu, na tumeshaona mbili hazikupi kitu. Maandishi yape DEFLATE (njia ya kubana inayotumika kwenye zip) au bzip2.

Na usipoteze muda kutafuta enkoda itakayobana kila kitu. Mafaili ya biti n yako 2 kwa kipeo cha n, na mafaili yote mafupi kuliko hapo ukiyajumlisha yanapungua kwa moja, hayatoshi kila faili kupata lake. Lazima yawepo ambayo hayapungui.

Unachoweza kufanya ni kuruhusu programu iseme "hili nimelishindwa" kwa bei ndogo. Kata data kwa bloku, bana kila bloku, linganisha na ilivyokuwa, ikiwa haikupungua andika ghafi. Baiti moja mbele ya kila bloku inatosha: 0 ni ghafi, 1 ni RLE, kisha urefu, na dikoda isome hiyo kabla ya kingine chochote. ZIP ina hali ya kuhifadhi tu bila kubana, DEFLATE ina bloku ghafi za hadi baiti 65,535 kwa gharama ya baiti 5 hivi. Kwenye modemu za zamani ilionekana wazi: MNP 5, njia ya modemu ya kubana data, ukiipitishia faili la zip ilikuwa inalikuza na kuchelewesha, V.42bis ikaja na uwezo wa kugundua kwamba data haibaniki na kuhamia kuipitisha ilivyo, halafu inarudi kubana mambo yakibadilika. Bloku ya kilobaiti 64 ni ya kuanzia, kama faili lako lina sehemu nzuri na mbaya zilizochanganyika karibu karibu punguza mpaka 4 uone, kisha rudia kipimo cha mwanzo kwa kila bloku badala ya faili zima, maana wastani wa faili zima unaweza kukuficha bloku chache zinazobeba faida yote.